Maandazi ya Hamira Nyumbani: Tazama Donge, Usitazame Saa

Askari aliyelinda zamu ya usiku mjini Kigali hurejea nyumbani asubuhi akiwa na baridi mwilini na njaa tumboni. Katika vitongoji vingi vya jiji hilo, toka Nyamirambo hadi Kimironko, kinachomngoja mezani ni chai ya maziwa, ambayo Wanyarwanda huiita mukaru, pamoja na maandazi mawili au matatu. Wenyeji husema irindazi likiwa moja, na amandazi yakiwa mengi. Ni chakula cha mwanafunzi, cha fundi, cha dereva wa pikipiki na cha ofisa pia. Katika maduka ya maziwa yaliyoenea jijini, amandazi huliwa kwa bilauri ya ikivuguto, yaani maziwa ya mgando.

Hata hivyo, si kila andazi linastahili kusifiwa. Mama wa nyumbani anayejaribu kuyapika mwenyewe mara nyingi hupatwa na moja ya misiba miwili: ama andazi huwa zito kama jiwe, ama huwa jeusi kwa nje huku ndani likiwa bichi. Unga, sukari, yai na mafuta vimekwisha kulipiwa. Watoto wameketi wakingoja. Na kilichotoka karaini hakiliki. Kwa nyumba inayoishi kwa mshahara wa mwezi, hasara hiyo si ndogo. Zaidi ya hayo, wengi hukata tamaa wakidhani kwamba hawana mkono wa kupika, kumbe kosa halikuwa la mkono. Kosa lilikuwa la haraka, tena ni kosa linaloepukika.

ASILI YA JINA

Neno andazi linatokana na kitenzi kuandaa. Katika pwani ya Afrika Mashariki, toka Lamu hadi Zanzibar, maandazi na ndugu yake mahamri, yanayokandwa kwa tui la nazi na kutiwa iliki, yamekuwa chakula cha asubuhi na cha wageni kwa muda mrefu. Jina hilo limeingia katika Kinyarwanda karibu bila kubadilika, jambo linaloonyesha wazi chakula chenyewe kilitoka upande gani.

Lugha ya Kiswahili nayo ilipita njia hiyo hiyo. Mji wa Kigali ulianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt juu ya kilima cha Nyarugenge, na pamoja na utawala huo walikuja askari, wapagazi na wafanyabiashara waliozungumza Kiswahili. Msikiti wa Al-Fatah ulijengwa Nyamirambo mwaka 1913, na mpaka leo kitongoji hicho na jirani yake Biryogo vinajulikana kwa Kiswahili chao na kwa mapishi yao. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda.

Andazi na askari wamekutana hata katika nchi za mbali. Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wanawake wa Jeshi la Wokovu la Marekani walikwenda Ufaransa kuwahudumia wanajeshi waliokuwa karibu na mstari wa mapigano. Mvua ilikuwa ikinyesha, majiko hayakuwapo, na vyakula vilivyopatikana vilikuwa vichache. Wawili kati yao, Helen Purviance na Margaret Sheldon, waliamua kukaanga maandazi. Donge walilisukuma kwa chupa tupu ya mvinyo, na kikaango chao kilichukua maandazi 7 tu kwa mara moja. Siku ya kwanza yalitoka 150. Funzo la kisa hicho ni kwamba andazi halidai jiko la fahari. Linadai mpishi anayejua anachokifanya.

HAMIRA NI KIUMBE HAI

Wapishi wengi wa haraka hutumia baking pauda. Hiyo ni dawa ya kuumulia: ikikutana na maji na joto hutoa hewa mara moja, kazi ikaisha. Andazi lake huliwa likiwa la moto. Likilala hukauka na kumong'onyoka. Hamira ni kitu kingine kabisa. Ni mkusanyiko wa viumbe hai vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vikipata unyevu, joto la kiasi na chakula, huanza kula sukari iliyomo katika unga na kutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo hunaswa ndani ya donge lililokandwa vyema, na hapo ndipo donge huumuka. Katika muda huo huo hamira hutengeneza harufu na ladha ambazo baking pauda haiwezi kuzitoa.

Kwa kuwa ni hai, hamira inaweza kuuawa. Maziwa yanayounguza kidole huiua kabla haijaanza kazi, na hamira iliyokaa mwaka mzima katika pakiti iliyofunguliwa huenda ilikwisha kufa zamani. Chumvi ikimwagwa moja kwa moja juu yake huidhoofisha. Kwa upande mwingine, baridi haiui. Huifanya isinzie tu.

Jambo moja litawafurahisha wasomaji wa jeshini. Hamira kavu ya chembechembe, inayouzwa leo katika maduka ya mitaani, iliendelezwa na kampuni ya Fleischmann wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya majeshi ya Marekani. Hamira mbichi iliyotumika kabla ya hapo ilihitaji kuwekwa mahali pa baridi, na majokofu hayakuweza kufuatana na vikosi kila mahali. Hivyo mama anayefungua pakiti ya hamira jikoni kwake Kigali anatumia kitu kilichokusudiwa kwanza kwa mkate wa askari.

KIGALI SI PWANI

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Maelekezo mengi ya kupika maandazi yametoka Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, miji iliyo sawa na bahari na yenye joto jingi. Kigali imekaa juu ya vilima, takriban mita 1,500 hadi 1,600 juu ya usawa wa bahari, na joto lake la wastani ni kama nyuzi 20 tu. Tofauti hiyo hugusa andazi mara tatu.

Kwanza, ubaridi wa Kigali huichelewesha hamira. Donge lililoumuka kwa dakika 45 jikoni Mombasa laweza kuhitaji saa moja na nusu asubuhi ya baridi huko Rebero.

Pili, hewa ya vilimani ni nyepesi kuliko hewa ya pwani, hivyo hailikandamizi donge kwa nguvu ile ile. Hamira ikishachangamka, donge hupanda upesi na laweza kupita kiasi kabla mpishi hajatambua. Mambo haya mawili huvutana: moja huchelewesha, jingine huharakisha. Ndiyo sababu dakika zilizoandikwa kitabuni hazitoshi kumwongoza mpishi wa Kigali. Askari amezoea kutii saa, na huo ni uzuri wa kazi yake. Lakini jikoni saa ya kutazamwa ni donge lenyewe.

Tatu, maji ya Kigali huchemka yapatapo nyuzi 95 hivi badala ya nyuzi 100. Maji yaliyomo ndani ya andazi hufuata kanuni hiyo hiyo. Hugeuka mvuke mapema, na sehemu ya ndani ya andazi haipati joto lile ambalo ingelipata pwani. Mafuta yanayozunguka andazi hayajui habari ya vilima. Yakiachwa yawe moto wa nyuzi 185 au 190, yatababua ngozi upesi huku moyo wa andazi ukiwa bado haujaiva. Huo ndio msiba wa andazi jeusi lililo bichi ndani. Dawa yake ni kupunguza moto hadi nyuzi 170 au 175, na kuliacha andazi karaini kwa muda mrefu kidogo.

MAHITAJI

Vipimo hivi hutoa maandazi 20 ya kiasi:

Unga wa ngano gramu 500.
Hamira kavu vijiko vya chai 2.
Sukari vijiko vikubwa 5.
Chumvi kijiko cha chai 1 kisichojaa.
Yai 1.
Siagi au mafuta vijiko vikubwa 3.
Maziwa vuguvugu mililita 230, na mengine kidogo ya akiba.
Iliki iliyotwangwa, kwa apendaye.
Mafuta ya kukaangia lita 1.

NAMNA YA KUPIKA

1. Yajaribiwe maziwa kwa kudondosha tone juu ya kiwiko cha mkono, kama yanavyojaribiwa ya mtoto mchanga. Yasisikike kuwa ya moto wala ya baridi. Nyunyiza hamira na kijiko kimoja cha sukari juu yake, kisha ngoja dakika 10. Povu likitokea, hamira ni hai. Lisipotokea, hamira imekufa. Itupwe, kwani ni afadhali kupoteza vijiko viwili vya hamira kuliko nusu kilo ya unga.

2. Chekecha unga katika bakuli kubwa. Changanya na chumvi, iliki na sukari iliyobaki. Tia yai, maziwa yenye hamira na siagi iliyolainika. Koroga mpaka unga wote ushikane.

3. Kanda juu ya meza safi kwa dakika 10 kamili. Mwanzoni donge litanata vidoleni, na kishawishi cha kuongeza unga kitakuwa kikubwa. Kishawishi hicho kishindwe, maana unga unaoongezwa wakati huo ndio unaolifanya andazi kuwa zito. Paka mikono mafuta kidogo badala yake. Donge likiwa tayari huwa laini, hung'aa, na likivutwa hutanuka bila kukatika upesi.

4. Funika bakuli kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa. Katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, hewa ya Kigali ni kavu na donge lisilofunikwa hufanya ganda. Liache mahali pasipo upepo mpaka liwe mara mbili ya lilivyokuwa. Ili kuhakikisha, choma kwa kidole kilichopakwa unga. Shimo likifumba mara moja, bado. Likirudi polepole na kuacha alama, wakati umefika. Likibaki wazi na donge kunywea, limepitiliza.

5. Toa hewa kwa kulikandamiza taratibu, kisha lisukume mpaka unene wake ufikie upana wa kidole. Kata kwa mdomo wa bilauri. Anayetaka umbo la pete, yaani donati, atoe katikati kwa kizibo cha chupa. Umbo hilo lina faida yake vilimani: andazi lenye tundu halina moyo mnene wa kubaki mbichi.

6. Panga vipande juu ya kitambaa kilichonyunyizwa unga, vifunike, na viache vipumzike dakika 20 hadi 30. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo inayotofautisha andazi jepesi na andazi gumu. Kipande kilicho tayari kikiinuliwa huhisika chepesi kama sponji.

7. Pasha mafuta kwa moto wa kiasi. Asiye na kipimajoto atumie kipande kidogo cha donge. Kikizama na kukaa chini, mafuta bado ni baridi. Kikigeuka kahawia kabla ya kuhesabu hadi 20, mafuta yamezidi moto. Karai liepuliwe kidogo. Kikizama kwanza, kisha kikapanda kikizungukwa na povu dogo, na kupata rangi ya dhahabu baada ya kuhesabu kama 60, mafuta yako sawa.

8. Tia maandazi machache kwa mara moja, manne au matano, kwani karai likijaa mafuta hupoa. Kila upande upewe dakika 2. Likigeuzwa mara moja tu, andazi lililoumuka vyema hubaki na mshipi mweupe kiunoni. Mshipi huo ni ushahidi kwamba lilikuwa jepesi kiasi cha kuelea. Yaepue, yachuje mafuta, na anayependa ayagaragaze katika sukari yangali na joto.

Kwa mtumiaji wa mbabura ya mkaa, tatizo kubwa ni moto kupanda na kushuka. Inafaa mkaa ushike wote kwanza mpaka ufanye majivu meupe, ndipo karai litengwe. Mkaa mpya usiongezwe katikati ya kukaanga.

MAKOSA NA SABABU ZAKE

Andazi likiwa zito, hamira ilikuwa dhaifu, unga ulizidi, au pumziko la pili lilirukwa. Likinyonya mafuta mengi, mafuta yalikuwa baridi. Likinuka kama pombe na kunywea baada ya kuepuliwa, donge liliachwa muda mrefu mno. Likipasuka ubavuni, lilikaangwa kabla halijapumzika. Likiwa jeusi na bichi, mafuta yalizidi moto.

Kuna nyumba ambazo baba na mama wote wana zamu, na hakuna wa kulitazama donge. Kwa hao, hamira ipunguzwe iwe kijiko kimoja, na donge lilale katika jokofu usiku kucha. Asubuhi litolewe, likatwe, lipumzike mpaka ubaridi utoke, kisha likaangwe. Hata Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya Umuganda, njia hiyo ya hamira kidogo yafaa. Donge hukandwa kabla ya saa 2 asubuhi na kuachwa mahali pa baridi, na watu wanaporudi kutoka kazini saa 5 hulikuta liko tayari.

MAFUTA YANAYOCHEMKA SI MCHEZO

Hakuna andazi lenye thamani ya ngozi ya mtoto. Karai la mafuta liwekwe mahali imara, na mkono wake usielekezwe njiani. Mbabura iliyowekwa sakafuni ni hatari zaidi, kwa kuwa iko kwenye kimo cha mtoto anayejifunza kutembea. Watoto wakae nje ya jiko mpaka mafuta yapoe kabisa.

Mafuta yakishika moto, yasimwagiwe maji kamwe. Maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke kwa ghafula na kuyarusha mafuta yanayowaka chumba kizima. Zima gesi kama panafikika, funika karai kwa mfuniko wa chuma, wala usilibebe kulitoa nje. Moto usipotulia, watu watoke na Polisi ya Taifa, yenye kikosi cha zimamoto na uokoaji, iitwe kwa namba 112. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, siagi na unga visipakwe juu ya jeraha. Kisha apelekwe kituo cha afya.

Mafuta yaliyobaki yachujwe kwa kitambaa yakiwa yamepoa, na yahifadhiwe penye giza. Yakiwa meusi, mazito, yenye povu jingi au yenye kutoa moshi mapema, yamekwisha kazi yake. Kuyaongezea mapya ili yaonekane safi ni kujidanganya.

NGANO NI GHALI, LAKINI SHAMBA LIPO

Ngano hulimwa katika nyanda za juu za Rwanda, kama vile Burera na Musanze, lakini haitoshelezi mahitaji, na nyingine huagizwa kutoka nje. Kisha vita vilizuka Ukraine. Ilikuwa Februari 2022, na bei ya ngano na ya mafuta ya kula ikapanda duniani kote. Rwanda, iliyokuwa ikinunua sehemu kubwa ya ngano yake kutoka Urusi, iliuonja uchungu huo mpaka kwenye sahani ya amandazi.

Njia moja ya kupunguza unga ni viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vinavyostawi vizuri nchini. Vichemshwe, vimenywe na kupondwa mpaka visiwe na mabonge, kisha rojo lake lichukue nafasi ya robo ya unga. Maziwa yapunguzwe, maana kiazi kina maji yake, na sukari nayo ipunguzwe. Andazi litakuwa laini, la rangi ya kupendeza, tena litakuwa na kiini cha vitamini A, inayolinda macho ya watoto. Hata hivyo, andazi ni chakula cha mafuta na sukari. Lisichukue nafasi ya uji, maharagwe, matunda na mboga.

KUTOKA KARAI MOJA

Mwaka 1983, kando ya barabara iendayo Musanze kutoka Kigali, mahali paitwapo Nyirangarama, kijana Sina Gérard alianza biashara yake kwa maandazi. Leo jina lake linajulikana nchi nzima kwa kampuni ya Urwibutso, na mafuta yake ya pilipili, Akabanga, yamevuka mipaka ya Rwanda. Si kila karai litazaa kiwanda. Lakini mke wa askari au mstaafu anayetaka kuwauzia majirani aanze kwa hesabu ya kweli. Aandike unga, hamira, sukari, mafuta yaliyopungua, mkaa, na saa zake mwenyewe, kisha agawe kwa idadi ya maandazi ndipo apange bei. Wanajeshi na polisi wa Rwanda wana chama chao cha akiba na mikopo tangu mwaka 1997, nacho kinaitwa Zigama, yaani weka akiba. Neno hilo lafaa jikoni kama lifaavyo benki. Unga usioharibika ni akiba, na mafuta yasiyoungua ni akiba.

Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Anayelipa donge muda wake, akautuliza moto wake, na kuyaweka macho yake karaini badala ya ukutani penye saa, atamkaribisha mlinzi wa usiku kwa andazi jepesi, lenye mshipi mweupe kiunoni, na lililoiva mpaka ndani.